Neno Lililokatikia Njiani

Jumatano, 1 Oktoba 1997

Kazi mpya imeanza. Asubuhi Baba aliniuliza, sindano ikiwa mdomoni, ni kazi gani hasa ninayokwenda kufanya. Nikamwambia nitakuwa nikiikata laini ya simu ya kampuni kusudi, kisha niangalie ni nini kimeharibika. Akaitoa sindano. "Na wanakulipa?" Baba ni fundi cherehani hapa sokoni Merigi, na anaamini kazi ni kuunga, si kukata.

Nilijaribu kumweleza. Kampuni yetu ina viwanda viwili vya majani chai, hiki chetu na kile kikubwa cha upande wa Kericho. Kila kiwanda kina kompyuta yenye nakala ya orodha ileile ya wakulima, na nakala hizo mbili zinapashana habari kwa simu. Kikibadilishwa kitu huku, kule nako kinabadilika. Lakini laini za huku kwetu tunazijua, ng'ombe akijikuna kwenye mlingoti tu, zimeenda. Ndiyo maana mimi na mjaribu mwenzangu wa Kericho tumepewa kuivuruga laini kabla wakulima hawajaitegemea mashine. Tukiikata, kila mmoja akaandika lake, kisha tukaiunga, je, nakala zote mbili zitasema jambo moja?

"Si mngeuliza tu watu waliooana," Mama akasema kutoka jikoni.

Mjaribu mwenzangu ni Kipruto. Sikuliandika jina lake mapema kwa sababu najijua.

Ijumaa, 3 Oktoba

Simu ya kwanza. "Chamge, Trusila." Mimi ni Drusilla, Drusilla Mongina, lakini kinywani mwa Kipruto D haina makao. Nikamwitikia kwa Kikipsigis chao, "Chamge mising," kama alivyonifundisha. Hiyo ndiyo kanuni yetu: yeye anasalimu, mimi naitikia, na mitambo haiunganishwi mpaka tujue sauti inakwenda na inarudi. Leo tulisalimiana mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tulikutana Agosti kwenye mafunzo, Kericho mjini. Wiki moja tu. Anakula mahindi ya kuchemsha mstari kwa mstari, hagusi mstari wa pili kabla wa kwanza haujaisha, na ukimwongelesha katikati ya mstari anakuinulia kidole usubiri. Siku ya mwisho alinisindikiza stendi, akasimama pale mpaka gari likajaa. Hakusema kitu. Mimi nami sikusema. Tangu hapo nimekuwa nikizionea wivu nyaya za simu, maana zenyewe zinafikiana.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumemwumba mkulima. Anaitwa Mzee Jaribio, hayupo duniani, yupo ili tumchezee. Leo tuliikata laini, kila mmoja akamwandikia alilotaka. Mimi nilimwoza mke mzuri wa Longisa. Kipruto, bila kujua, akamfanya mtu aliyefiwa na mkewe na kumhamishia Mulot akafuge ng'ombe. Tulipoiunga laini, mke wangu wa Longisa alifutika, hata kaburi hana. Kanuni iliyowekwa ni kwamba aliyeandika mwisho ndiye mshindi.

"Pole kwa msiba," Kipruto akasema.

"Wewe ndiye umemuua."

"Si mimi, ni saa. Nimeandika nyuma yako."

Nilimlalamikia Robert Kipkoech, mkuu wetu wa mradi, ambaye leo alikuwa hapa. Nikamwambia aliyeandika mwisho si lazima awe ndiye anayejua. Robert amesoma Nairobi, anavaa tai hata kwenye matope. Akaniangalia hivi. "Mongina, mashine haiwezi kukaa baraza." Simpendi Robert.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua bado. Redio inasema ni El Nino. Majani yanachipuka kama yamerogwa, lakini malori yanakwama na majani yanageuka meusi ndani ya magunia. Wachumaji wanavuna na wanamwaga. Nimeyaangalia yale yaliyomwagwa kando ya barabara, na nikahisi uchungu usio wa chai.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuna jaribio leo, laini ina maji. Nilikaa na simu sikioni hata hivyo. Ukisikiliza sana, laini mbovu ina sauti kama mtu anayepumua mbali, na mimi nilikuwa nikijidanganya ni nani.

Jumanne, 11 Novemba

Ameniuliza!

Wacha niandike kwa utaratibu. Laini ilikuwa na kelele kama bisi kwenye sufuria. Baada ya chamge, Kipruto hakusema tuunganishe mitambo. Alisema, "Trusila, iko kitu nataka kukuuliza, na sitaki mashine isikie." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Nimeongea na mzee wangu. Nikileta wazee kwenu Jumamosi ya kwanza ya Desemba, wewe utasema aje?"

Tangu Agosti nimelingojea swali hili, na lilipokuja nikashika meza. Sasa, Mama alinilea kwamba msichana mwenye adabu haidonoi ndiyo kama kuku aliyeona mahindi. Unaizunguka kidogo. Basi nikasema polepole, "Siwezi kataa."

Nikasikia mlio mmoja, kisha kimya. Laini imekatika.

Nilikaa na mkono wa simu kifuani mpaka Janeffer wa mapokezi akaniuliza kama nimepata habari za msiba. Nikamwambia hapana, ni mitambo. Kukatika si kitu. Nimeshasema. Nimesema!

Jumatano, 12 Novemba

Mlima umeporomoka usiku na kuondoka na milingoti. Mafundi wa simu wanasema hawawezi hata kupafikia.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemwambia Mama. Alifuta mikono kwa leso, akakaa. "Mkipsigis?" Mkipsigis, Mama. "Na esigani wenu ni nani?"

Kwetu Wagusii neno halipelekwi hivihivi. Anakuwepo esigani, mtu wa katikati anayetembea kati ya nyumba mbili akibeba maneno. Mama anasema esigani wake yeye alikuwa kero ya mtu. Babu akishasema jambo, esigani haondoki uani mpaka alirudie lote, mwanzo hadi mwisho, na Babu aitikie kwamba ndivyo alivyosema. Akifika kule anafanya hivyohivyo.

"Wetu ni simu," nikasema.

"Simu haina miguu, Mongina."

Baba tulimwambia baada ya chakula. Akasema majirani zetu hawa Wakipsigis ni wazuri wakati wa amani, na Desemba ni mwezi wa kura. Aliingia chumbani. Chini ya kitanda chake lipo furushi la nguo na vyeti alilolifunga mwaka wa tisini na mbili, watu walipofukuzana kwa ajili ya kura, na hajalifungua mpaka leo.

Alhamisi, 27 Novemba

Laini hakuna. Barabara ya Kericho, daraja limekwenda. Namwongelesha Kipruto kichwani, nami ninamjibia, na anajibu vizuri sana.

Jumamosi, 6 Desemba

Mama aliamka mapema, akakanda unga wa wimbi, akafagia uwanja mara mbili ingawa mvua iliuchafua mara mbili. Baba alikataa kuvaa koti, baadaye nikamwona amelivaa. Nilikuwa nikienda mlangoni kwa visingizio: kuku, kuni, ndoo. Ukungu ukishuka, kila mti wa kule bondeni unakuwa mzee aliyevaa koti refu.

Hawakuja.

Mama akasema ni daraja. Nikasema ni daraja. Baba alivua koti, akalitundika polepole, na hilo liliniumiza kuliko maneno.

Alhamisi, 11 Desemba

Robert amefika kwa trekta kwa njia ya kuzunguka, tai imelowa mpaka imejikunja. Ameleta kompyuta ya pili na waya mrefu. Laini ikiwa imekufa, anasema, tutaweka mashine mbili kwenye chumba kimoja, tuziite Merigi na Kericho, tuendelee kujaribu.

Niliuliza habari za Kericho, nikiwa nimegeukia ukuta.

"Wazima. Isipokuwa Kipruto ameomba ahamishwe Nandi. Mwezi wa kwanza ukiisha, anaenda."

"Amesema kwa nini?"

"Anasema upande huu alishapata jibu lake. Sijui jibu gani, hajamaliza hata majaribio."

Alishapata jibu lake. Nalijua jibu lenyewe: wazee wake wamekataa aoe Mgusii. Na yeye, badala ya kuja kuniambia kama mwanaume, anatorokea Nandi.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemchukia Kipruto siku nzima. Ilipofika saa ya simu yetu nilijikuta nimekaa karibu na simu.

Jumanne, 16 Desemba

Naandika haraka, mwandiko utavumiliwa.

Robert alitaka tujue mashine inafanya nini laini ikikatika si kabla wala baada ya ujumbe, bali katikati, neno likiwa bado njiani. Hilo tulikuwa hatujalijaribu kamwe. Kazi yangu ikawa kuandika sentensi kwenye nafasi ya maelezo ya Mzee Jaribio, kuituma, na kuuchomoa waya ikiwa inakwenda.

Niliandika: Mzee Jaribio amekufa ganzi mguu wa kushoto. Nikachomoa. Robert aliyekuwa kwenye mashine ya pili akapiga ukelele. Kule imefika: Mzee Jaribio amekufa. Na mashine imekubali! Haikuuliza mengine yako wapi, haikuona kwamba imekatwa, imelitia muhuri kama neno zima. Robert alicheka mpaka akalegeza tai. "Tumezika mtu kwa sababu ya ganzi!"

Mimi nami nilicheka. Halafu nikaacha.

Niliketi tena. Nikaandika: Siwezi kataa. Nikatuma, nikachomoa waya. Nikamwuliza Robert kumefika nini huko Kericho.

"Siwezi," akasoma.

"Soma yote."

"Hiyo ndiyo yote, Mongina. Siwezi."

Ee Mungu wangu. Mtu ameniuliza kama alete wazee, nami kwa kujifanya mwana wa watu nimeizunguka ndiyo kwa maneno mawili, na la kwanza ndilo lililofika. Ningemdonolea ndiyo yangu kama kuku angeisikia! Na yeye, kama mashine, hakujua kuna lililobaki njiani. Amepokea nusu, akaiweka moyoni kama nzima, akaenda zake kuomba Nandi. Nakala yangu inasema nimechumbiwa. Nakala yake inasema amekataliwa. Na mwezi mzima kila mmoja ameishi kwa ile yake.

Nusu ya neno ni mbaya kuliko kukosa neno. Ingekatika kabla sijafungua mdomo, angeuliza tena.

Nililia mbele ya Robert. Sikujali.

Jumatano, 17 Desemba

Nimemwambia Robert kila kitu, kwa sababu alishaona machozi na sitaki ayatungie hadithi yake. Alisikiliza. Hakusema mambo ya mashine na baraza. Aliuliza, "Sasa huyo esigani wa mama yako, alikuwa anarudia lote?" Lote. Mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe aitikie ndipo aondoke. Robert akatembea chumbani huku na huko, kisha akaketi kwenye mashine na hakuinuka kwa chakula. Anataka kila upande ukipokea ujumbe uurudishe kama ulivyo, na usiweke muhuri mpaka mwenye ujumbe aseme ndivyo.

Mimi nimeandika ripoti ya kosa. Kwenye nafasi ya mfano sikuweka ganzi. Nimeweka: Ujumbe uliotumwa tarehe 11 Novemba, "Siwezi kataa." Ujumbe uliofika, "Siwezi." Mjaribu wa upande wa pili athibitishe.

Robert aliisoma, akakohoa. "Hii ni ripoti ya kampuni, Mongina."

"Kuna uongo wowote ndani yake?"

Hakuna, akasema.

Alhamisi, 18 Desemba

Robert ameondoka na ripoti ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya shati. Atashuka kwa trekta mpaka penye daraja, avuke kwa miguu, atafute lori ng'ambo. Nilitaka kwenda naye. Baba alisema hakuna binti yake atakayetembea njia hizo wiki hizi za kura. Kwa mara ya kwanza nilimwona Robert akiwa na matope bila tai. Niliwahi kuandika humu kwamba simpendi. Nilikuwa nimepokea nusu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani niliombea milingoti.

Jumatano, 31 Desemba

Juzi watu walipiga kura. Tangu Jumapili Baba alikuwa akilala na viatu, furushi limetoka chini ya kitanda liko mlangoni. Jana mama Cherotich, Mkipsigis anayetuletea maziwa, alikuja na kibao chake cha kukalia, akakaa barazani kwa Baba asubuhi mpaka jioni, anasuka kikapu. Hakusema amekuja kufanya nini. Kila aliyepita njiani alimwamkia, naye akaitikia kwa sauti, wote wajue kwamba Mkipsigis yupo kwetu. Leo amerudi tena. Mchana Baba alimletea chai mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kumpelekea mtu chai.

Kipruto, sijui kama umesoma. Nakutamani mpaka nasikia chamge kwenye mfereji wa maji.

Jumanne, 6 Januari 1998

Robert amerudi! Kwanza akanikabidhi disketi zenye marekebisho, akanieleza kila moja ina nini, polepole, shetani huyu, kisha ndipo akafungua shati na kutoa mfuko wa nailoni.

Ripoti ni ileile. Chini kabisa, kwenye nafasi ya mjaribu wa pili, kuna mwandiko unaokwenda mstari kwa mstari bila kuruka:

Kosa limethibitishwa. Upande wa Kericho ulipokea "Siwezi" na kuamini. Ujumbe kamili sasa umepokelewa, naurudia: "Siwezi kataa." Barua ya Nandi imeondolewa. Hatua inayofuata: Jumamosi.

"Jumamosi hatufanyi kazi," Robert akasema, uso mkavu. "Nimemwuliza ni hatua gani hiyo, akaniambia nije na viatu vizuri."

Nilimkumbatia Robert. Janeffer wa mapokezi ameona, na kufikia kesho Merigi nzima itakuwa na nakala yake.

Jumamosi, 10 Januari

Wamekuja.

Walivuka pale penye daraja kwa magogo, viatu mkononi: Kipruto, baba yake Mzee Johana, wazee wengine wawili, na Robert mbele yao, miguu mitupu, tai shingoni. Mzee Johana alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, chini ya koti kama mtoto. Kipruto alikuwa amekonda. Nilimwona kutoka jikoni kupitia ufa wa ubao, na yeye alikuwa akiuangalia ukuta palepale nilipo, ingawa hakuna aliyemwambia.

Robert alisema neno kama esigani. Alilisema kwa Kiswahili ili nyumba zote mbili zisikie, na alilisema refu. Mzee Johana aliongeza lake: kwamba kijana wake ametuma neno kwa waya na waya umekuwa mwongo, kwa hiyo wamelileta kwa miguu. Sasa ni zamu ya Baba.

Baba alisimama. Alikuwa na koti. Alitazama mlango, alitazama pale furushi lilipokuwa likikaa, ambapo sasa alikuwa amekaa mama Cherotich na kikapu chake. Alikohoa.

"Hatuwezi," akasema.

Na mvua ya mawe ikashuka. Ile ya kwetu, isiyobisha hodi, mawe makubwa kama mayai ya kwale yakipiga mabati kwa mpigo mmoja. Mdomo wa Baba uliendelea kucheza lakini hakuna aliyesikia hata silabi. Nilimwona Kipruto kupitia ufa. Mikono ikaanza kutafuta viatu chini ya kiti.

Sikufikiri. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, unga mpaka kwenye viwiko, mbele ya wazee wa watu wote, nikampigia Baba kelele kuliko mabati. "Rudia! Tata, rudia! Rudia yote!"

Mama alijifunika uso kwa leso. Robert alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja mbele kumzuia Kipruto asitoke, na anacheka huku machozi yanamtoka.

Baba alinitazama, akamtazama Kipruto na kiatu chake kimoja. Akaelewa, maana Mama alishamweleza. Alikaa, akasubiri mpaka mawe yakawa mvua, na mvua ikawa matone. Ndipo akasimama tena.

"Nimesema," Baba akasema, "hatuwezi kataa."

Robert akamgeukia Mzee Johana. "Mzee, rudia."

"Mmesema hamuwezi kataa."

"Ndivyo nilivyosema," Baba akaitikia.

Kipruto alikuwa bado ameshika kiatu. "Chamge, Trusila," akasema, mbele ya watu wote, kwa sauti ndogo.

"Chamge mising," nikamjibu.

Nje mawe yalikuwa yamechanachana majani ya chai mteremko mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka kwenda kuyaangalia.